Kuchimba Mabwawa ya Samaki Bila Kuziba Njia ya Wanyama: Mwongozo wa Vibali Bonde la Kilombero

Mwongozo huu ni wa mwenye shamba Ifakara, Mlimba, Malinyi au Ulanga anayetaka kuchimba mabwawa ya samaki na kumaliza taratibu zote bila kusimamishwa kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, kikiwa katikati ya shimo. Aliye Pangani, Rukwa au kando ya Ziwa Viktoria naye atapata cha kumfaa, kwa kuwa sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara nzima. Mifano tu ndiyo ya bondeni.

Watu huuliza waanzie ofisi gani. Jibu langu ni kwamba waanzie shambani. Maombi hukwama zaidi kwa sababu ya mahali kuliko kwa sababu ya fomu. Bwawa likipangwa ndani ya kinamasi au juu ya mapito ya tembo, hakuna afisa atakayeweza kulitetea hata akikupenda. Lisogeze mita mia mbili kabla ya kuandika barua ya kwanza, na huenda vikwazo vikubwa vikaondoka vyenyewe.

Fahamu unachimba wapi

Mwaka 2002 Bonde la Kilombero liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na ukubwa wa karibu hekta 797,000. Mto Kilombero huchangia karibu theluthi mbili ya maji ya Rufiji, na ni maji hayo yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Bondeni humu ndimo walimokuwa sheshe wengi kuliko mahali pengine popote Afrika. Sheshe ni yule swala wa rangi ya hudhurungi ya dhahabu anayependa majani mabichi ya kando ya maji, na idadi yake imeshuka sana tangu miaka ya 1990. Yupo pia mnana wa Kilombero, ndege wa manjano ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1990 tu, na ambaye hapatikani nje ya bonde hili. Hujenga kiota chake kwenye matete ya kando ya mto. Matete hayo ndiyo tunayoyafyeka wa kwanza tukitaka kupima eneo la bwawa.

Upande mmoja ipo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, upande wa pili Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo hutembea kati ya hizo mbili kupitia mashamba yetu, na njia zilizobaki wazi ni chache. Karibu na Mang'ula wanavijiji waliachia ardhi ili ushoroba mmoja, yaani mapito ya wanyama, ufunguliwe upya, kwa hiyo usishangae ukisikia maswali makali kuhusu shimo lako hata kama ni dogo. Waliotoa ardhi yao wana haki ya kuuliza.

Mwaka 2023 sehemu ya lililokuwa Pori Tengefu la Kilombero ilipandishwa hadhi ikawa pori la akiba. Ndani ya pori la akiba hakuna kilimo, hakuna makazi, na bwawa la samaki halina pa kuombewa. Ukitaka kununua au kukodi ardhi upande wa mtoni, tafuta bikoni za mpaka kwanza. Maneno ya dalali wa ardhi kwamba "mpaka uko kule kwenye ule mti" hayatakusaidia siku askari wa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, watakapofika. Chukua majira ya nukta (GPS) kwa simu yako kwenye kila kona ya shamba, peleka ofisi ya ardhi ya halmashauri, uombe ziwekwe juu ya ramani.

Hatua ya kwanza: tembea eneo, kiangazi na masika

Nitakaa hapa muda mrefu kidogo, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Mkulima akiona kinamasi huona maji ya bure. Hataji hata bomba. Lakini kwenye kinamasi maji ya chini yako juu, na bwawa lisilokaushika halivunwi vizuri. Unavuta nyavu, kambale wanajichimbia topeni, unabaki na nusu ya mavuno usiyoyaona. Ikifika Machi hadi Mei mto unapanda, kingo zinazama, na samaki uliowalisha kwa miezi sita wanatoka bila kuaga. Juu ya hayo, kenge, fisi maji na mamba tayari ni wenyeji wa pale, wewe ndiye mgeni. Kwa hiyo kinamasi ni hasara kwa mfugaji kabla hakijawa kosa kwa sheria, na ndiyo sababu nasema masilahi ya mfugaji na ya wanyama yanakutana zaidi kuliko tunavyodhani.

Tembea na mzee anayelijua eneo, pamoja na mtu anayekwenda kuvua au kukata ukindu huko kila wiki. Waulize mambo matatu. Maji yalifika wapi kwenye mvua za Elnino za 1997 na 1998? Tembo na viboko hupita wapi, na miezi gani? Mifugo hunyweshwa wapi kiangazi? Kisha angalia mwenyewe. Takataka zilizonasa matawini na mistari ya tope kwenye vigogo vitakuonyesha kimo cha mafuriko. Njia ya kiboko utaijua kwa mifereji miwili iliyokanyagika sambamba yenye majani katikati. Kinyesi cha tembo kilichokauka, magome yaliyobanduliwa, mashimo ya nguruwe pori, vyote vipige picha zenye tarehe. Picha hizi utazihitaji baadaye, na zitakusaidia kuliko maelezo marefu.

Baada ya hapo pima mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au ziwa la asili, na bwawa la kuhifadhia maji. Wengi hupima kiangazi, mto ukiwa umekonda, kutoka pale maji yalipo siku hiyo. Kwenye uwanda wa mafuriko hilo ni kujidanganya. Pima kutoka alama ya juu ya mafuriko ya kawaida, na ukiweza kuongeza mita kadhaa, ongeza. Hakuna mkaguzi aliyemlaumu mtu kwa kukaa mbali na mto kupita kiasi.

Mahali ninapopapendekeza ni shamba lililokwisha kulimwa miaka mingi, hasa lile la mpunga lililochoka, lililo juu ya mstari wa mafuriko na lenye mteremko mdogo. Hapo hutaharibu makazi mapya ya mnyama yeyote, na mteremko unakupa uwezo wa kukausha bwawa kwa bomba bila pampu. Kasoro ya ukanda wa juu, karibu na mguu wa milima, ni tembo. Ukichagua juu unapambana na tembo, ukichagua chini unapambana na mafuriko. Kati ya hao wawili mimi namchagua tembo, kwa sababu tembo huja msimu fulani na huweza kuzuiwa, mto hauzuiliki.

Udongo nao upime siku hiyo hiyo. Chimba shimo la mita moja, lijaze maji jioni, lifunike kwa majani. Asubuhi utakuta yamepungua, ni kawaida, kwa kuwa udongo umekunywa. Lijaze tena, ulifunike, uangalie jioni. Maji mengi yakibaki, mfinyanzi unatosha. Yakiisha, usikimbilie kununua karatasi la plastiki la kutandika chini. Sogea uchimbe shimo jingine.

Hatua ya pili: kijiji

Ardhi nyingi ya bonde ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kabla ya kwenda halmashauri, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha ofisi ya mtendaji wa kijiji, uombe kuonyeshwa mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Vijiji vyenye mpango vina ramani inayoonyesha maeneo ya makazi, kilimo, malisho, msitu wa kijiji na mapito ya wanyama. Eneo lako likisomeka "kilimo", ufugaji wa samaki kwa kawaida hauleti ubishi. Likisomeka "hifadhi" au "mapito", usiombe upendeleo. Kubadilisha matumizi ni kazi ya mkutano mkuu wa kijiji pamoja na halmashauri, na hata ukifaulu, utakuwa umejitengenezea mgogoro wa kudumu na majirani.

Kama huna hati miliki ya kimila, anza kuishughulikia sasa. Bila hati au walau muhtasari wa halmashauri ya kijiji unaokutambua, ofisi nyingine zote zitakurudisha hapo.

Omba mradi uwe ajenda ya mkutano, usiridhike na muhuri uliopigwa juu ya meza ya mtendaji. Waje wavuvi, wafugaji wa ng'ombe, akina mama wanaokata ukindu, na wenye mashamba upande maji yanakotiririkia. Wakiuliza, jibu kwa namba: mabwawa mangapi, maji kiasi gani, yanatoka wapi, yanakwenda wapi, samaki gani. Andikeni muhtasari, na majina ya waliopinga yaandikwe pia pamoja na hoja zao. Muhtasari ambao kila mtu amekubali kila kitu hautiwi maanani sana na wanaousoma juu.

Wanaodhani ushirikishwaji ni mapambo wakumbuke delta ya Rufiji. Miaka ya 1990 ulipendekezwa mradi mkubwa wa kufuga kamba katika eneo la karibu hekta 10,000 za delta, kwenye mikoko. Tathmini iliyofanywa chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilishauri usikubaliwe, Serikali ikaukubali kwa masharti mwaka 1997, wananchi wakaenda mahakamani, na mwisho wake mradi haukufanyika. Mikoko ile leo ni sehemu ya eneo jingine la Ramsar, la Rufiji, Mafia na Kilwa, lililotangazwa mwaka 2004.

Hatua ya tatu: wataalamu wa halmashauri waje shambani kwa pamoja

Ukitembelea ofisi moja baada ya nyingine utapata majibu yanayopingana. Afisa uvuvi atataka bwawa karibu na maji, afisa mazingira atalitaka mbali, wa wanyamapori atakuambia hapo ni njia ya tembo, na wewe utabaki katikati ukibeba maneno. Andika barua moja kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia mtendaji wa kijiji na wa kata, ukiomba ukaguzi wa pamoja wa afisa uvuvi, afisa mazingira, afisa wanyamapori na afisa ardhi. Shamba likiwa jirani na hifadhi, omba pia mwakilishi wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, au wa TAWA aalikwe. Gharama ya mafuta ya safari moja ni ndogo kuliko ya kuhamisha bwawa.

Siku ya ukaguzi chomeka vigingi kwenye kona za kila bwawa, na pale bomba litakapoingia na litakapotoka. Waache wabishane mbele yako, wakiwa wamesimama pale pale. Ndipo ubishi unapogeuka kuwa "lisogeze hapa" badala ya "haiwezekani". Mwishoni omba taarifa ya ukaguzi kwa maandishi, yenye sahihi zao wote.

Ada yoyote lipa kwa kontroo namba na utunze risiti. Ukiombwa fedha taslimu "ya kuharakisha", ujue hakuna karatasi itakayokulinda nayo mkaguzi mwingine akija.

Hatua ya nne: maji

Kibali cha kutumia maji hakitolewi na halmashauri. Kinatolewa na bodi ya maji ya bonde, na kwa Kilombero hiyo ni Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Unahitaji idhini mbili ambazo watu hudhani ni moja: ya kuchukua maji, na ya kuyatiririsha yakishatumika. Kama kwenye kijito chako kuna jumuiya ya watumia maji, pitia kwao kwanza. Wanajua nani ana zamu na mwezi gani kijito hukauka.

Fanya hesabu kabla hujaulizwa. Bwawa la mita 20 kwa 15 lenye kina cha wastani cha mita moja hubeba maji yasiyozidi mita za ujazo 300, pungufu kidogo kwa sababu ya mteremko wa kingo. Mabwawa manne kama hayo ni karibu mita za ujazo 1,200 kuyajaza mara moja, kisha kuna kuongeza yanayopotea kwa jua na kwa kunyonywa na udongo. Jambo la kumwambia mtu wa bodi ni lini utajaza. Ukisema utajaza Agosti, unawania maji na mpunga wa umwagiliaji, ng'ombe na sheshe kwa wakati mmoja. Ukisema utajaza Februari hadi Aprili, kijito kikiwa kimejaa, na kiangazi utaongeza tu, ombi lako linasomeka tofauti kabisa.

Usizibe kijito kizima kwa tuta ili maji yote yapite kwako. Chukua sehemu kwa mfereji wa pembeni, mkondo wa asili uendelee. Kuna samaki wanaopanda vijito masika kwenda kutaga, na kuna kijiji chini yako.

Maji ya kutoka ni mazito, yana mbolea ya kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Yapitishe kwanza kwenye shimo dogo la kutulizia tope, kisha kwenye bustani ya mboga au majaruba ya mpunga. Mpunga utayashukuru, na mto hautapokea uchafu. Ukichora hivyo kwenye mpango, idhini ya kutiririsha huwa rahisi zaidi kuitetea.

Hatua ya tano: mazingira

Tathmini ya Athari kwa Mazingira, TAM, inawatisha watu kuliko inavyostahili. Kanuni za mwaka 2005, zilizorekebishwa mwaka 2018, zinagawa miradi kwa makundi kulingana na uzito wa athari. Ipo ambayo lazima ifanyiwe tathmini kamili, na ipo inayoweza kuamuliwa kwa andiko fupi la mradi. Ukubwa wa mabwawa, ukaribu na hifadhi na hali ya eneo oevu ndivyo vitakavyokupeleka upande mmoja au mwingine. Usijipangie kundi mwenyewe wala usimwachie fundi wa kijiko akupangie. Peleka maelezo NEMC kupitia afisa mazingira wa halmashauri na uombe uamuzi kwa maandishi. Tathmini kamili ikihitajika, hufanywa na mtaalamu aliyesajiliwa. Muulize namba yake ya usajili kabla hujamlipa.

Mwenye mabwawa mengi asijaribu kuyagawa kwa majina ya watoto na shemeji ili kila ombi lionekane dogo. Wakaguzi huangalia athari za jumla za eneo, na ujanja huo ukigundulika huwachafua wote waliotajwa.

Andiko fupi lisiwe la sifa. Kifungu kama hiki kinatosha kuonyesha unachomaanisha:

"Mradi ni wa mabwawa manne, kila moja mita 20 kwa 15, katika shamba la mpunga lililolimwa kwa zaidi ya miaka kumi. Bwawa la karibu liko mita 140 kutoka alama ya juu ya mafuriko. Hakuna kinamasi wala matete yatakayofyekwa. Njia ya viboko iliyopo mashariki itaachwa wazi kwa upana wa mita 30. Maji ya kukausha bwawa yatapita shimo la tope na majaruba kabla ya kufika mferejini. Uchimbaji utafanyika Agosti na Septemba, mchana tu."

Badilisha namba ziwe zako, na usiandike lisilo kweli, kwa kuwa kila sentensi itageuka kuwa sharti la kibali. Faili lako kufikia hapa liwe na:

- hati miliki ya kimila au muhtasari wa halmashauri ya kijiji
- muhtasari wa mkutano uliojadili mradi
- ramani yenye majira ya nukta, mstari wa mafuriko, mita 60 na mapito ya wanyama
- picha za kiangazi na za masika
- taarifa ya ukaguzi wa pamoja
- maombi ya maji na hesabu zake
- andiko la mradi na uamuzi wa mamlaka ya mazingira
- risiti zote

Hatua ya sita: kuchimba

Chimba kati ya Julai na Oktoba. Ardhi ikiwa kavu kijiko hakizami, kingo hushindiliwa vizuri, na mvua hazibebi udongo kwenda mtoni. Siku moja kabla ya kazi pita eneo lote kwa miguu. Ukikuta kiota chenye mayai kwenye kichaka, acha kichaka hicho mpaka makinda yaruke. Kama kiko mahali pa bwawa lenyewe, anza na bwawa jingine. Dereva wa kijiko aonyeshwe mipaka kwa kamba yenye rangi, na aambiwe ni njia ipi tu atumie kuingia na kutoka. Usimlipe kwa saa pekee bila msimamizi, kwani atafyeka hata pasipo haja ili apate pa kugeuzia.

Udongo wa juu wenye rutuba weka kando, utaurudisha juu ya kingo ili majani yaote. Ule wa chini ndio wa kujengea kingo: umwage kwa tabaka nyembamba, kila tabaka lishindiliwe. Upande wa ndani wa ukingo uwe na mteremko wa mita mbili za mlalo kwa kila mita moja ya kimo, na ukingo uzidi usawa wa maji kwa sentimita 30 hadi 50. Kina kiwe sentimita 80 upande wa juu, kifike mita 1.2 hadi 1.5 upande wa kutolea maji. Mteremko wa namna hii humsaidia pia mnyama aliyetumbukia kupanda na kutoka. Bwawa lenye kuta zilizosimama kama kisima huua ndama wa sheshe usiku, na asubuhi utakuwa na mzoga ndani ya maji ya samaki.

Udongo unaobaki usiumwage kwenye kinamasi cha jirani "kupasawazisha". Kwa hilo peke yake kibali kinaweza kufutwa. Juu ya kingo panda majani ya kutambaa, na pembeni miti ya asili kwa mbali, mizizi yake isije ikatoboa kingo. Mikaratusi iache, hunywa maji mengi.

Hatua ya saba: samaki gani

Uharibifu wa makazi ya viumbe unaweza kuletwa na ndoo ya vifaranga kuliko hata kijiko. Sato ndiye anayeuzika na ndiye anayepatikana kwa urahisi, lakini si mwenyeji wa mito ya Rufiji. Mwenyeji ni perege wa Rufiji, Oreochromis urolepis, na sato akitoroka huzaliana naye mpaka ukoo wa asili unachanganyika. Ziwa Viktoria limeshatuonyesha: baada ya sato na sangara kupandikizwa miaka ya 1950 na 1960, ngege wa asili walitoweka karibu kabisa ziwani, wakabaki kwenye viziwa vidogo vya pembeni. Tena perege wetu ana thamani yake kibiashara. Dume la jamii yake ya mto Wami likipandishwa kwa jike la sato huzaa vifaranga karibu wote madume, na wazalishaji wa nchi nyingi wametafuta damu hiyo kwa sababu madume hukua haraka.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haimruhusu mtu kuhamisha na kupandikiza samaki atakavyo. Pata idhini kupitia afisa uvuvi, na vifaranga nunua kwa mzalishaji anayetambulika. Kingolwira, Morogoro, kipo kituo cha Serikali cha ukuzaji viumbe maji ambacho unaweza kuanzia kuulizia. Ushauri wangu kwa aliye ndani ya uwanda wa mafuriko ni afuge kambale au perege wa hapa hapa, asiingize sato kabisa. Aliye juu na salama na mafuriko akifuga sato, afunge wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kuingizia na la kutolea, na maji ya kukausha yapite kwenye shimo lenye wavu kabla ya kwenda popote. Vifaranga "madume watupu" huwa na majike wachache ndani yake, kwa hiyo wavu usiachwe kwa kisingizio hicho.

Hatua ya nane: kuishi na wageni

Bwawa likishajaa, watakuja. Mnandi na yangeyange wanafuata samaki wadogo, mdiria anakaa juu ya kijiti, fisi maji anakuja usiku. Kwa ndege, kamba nyembamba zilizovutwa juu ya bwawa la vifaranga, au wavu uliokazwa, hutosha. Wavu uliolegea huwanasa na kuwaua, kisha unakuwa na kesi. Kwa fisi maji na kenge, uzio wa wavu wa chuma uliozikwa kidogo ardhini ni bora kuliko mtego. Kiboko hapendi kuvuka kizuizi hata cha kimo cha goti au paja, kwa hiyo uzio wa magogo imara unaweza kumgeuza, ili mradi njia yake ya kawaida umeiacha wazi. Ukiziba njia yake na kumwekea uzio, ataupitia.

Kwa tembo, wakulima wa pembezoni mwa Udzungwa wamekuwa wakitumia uzio wa mizinga ya nyuki, na asali inabaki yako. Usipande migomba wala miwa kwenye kingo kama uko karibu na mapito yao.

Sumu usiiweke, hata kwa kenge aliyekumaliza. Sumu iliyowekwa kando ya maji humfikia furukombe, mbwa wa jirani na mtoto anayevua kwa ndoano. Mnyama mkali akikushinda, mjulishe mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori siku hiyo hiyo, uandike tarehe na saa.

Weka daftari moja bwaweni: siku ya kujaza maji, ya kuongeza, ya kukausha, vifaranga vilivyoingia na vilikotoka, samaki waliokufa, wanyama waliopita. Kibali cha maji kina ada ya kila mwaka na masharti yake, na bwawa la tano usilichimbe kwa kibali cha mabwawa manne. Rudi kwa afisa mazingira na ramani ile ile, umwonyeshe unapotaka kuongeza.